Vua Ruta Kitambaa Chake

Ingia sebuleni, usiwashe kitu. Tafuta ruta ilipo. Katika nyumba nyingi nilizoitwa kusaidia hapa Dar es Salaam nimeikuta nyuma ya televisheni, ndani ya kabati la vioo, jirani na sahani za wageni, na juu yake kumetandikwa kitambaa cha kufuma chenye maua manne pembeni. Hatua ya kwanza ya mwongozo huu ni kukivua kitambaa hicho. Kikunje kwa adabu, mrudishie aliyekifuma, mshukuru. Kitambaa chenyewe hakizuii mawimbi hata kidogo. Kinachozuia ni joto lisitoke, na ruta iliyozidiwa na joto huanza kuyumba. Kisha itoe ruta yenyewe kabatini, maana televisheni kubwa ina bamba la chuma mgongoni, na mawimbi ya redio na bamba la chuma hayajawahi kupatana.

Ukimaliza hatua hii bila ugomvi na aliyefuma, umevuka mlima. Zilizobaki ni hesabu, waya mmoja na subira.

Tunachotafuta ni hiki: kuichukua miwani ya VR, yaani ya uhalisia pepe, tuseme Quest 3, na kuifanya ipokee picha kutoka kwenye kompyuta yenye nguvu bila waya, kwa wepesi ambao macho na masikio yako hayatatambua kwamba kuna hewa katikati. Miwani hiyo ina kompyuta yake ndogo ndani, na ina michezo yake. Lakini kuna vitu havienei humo. Mchezo wa Half-Life: Alyx, uliotoka Machi 2020, unataka kompyuta. Google Earth VR, programu ya kuizungukia dunia, iliyotoka mwaka 2016, inataka kompyuta pia. Hiyo ya pili ndiyo iliyonifanya nijifunze yote nitakayokueleza, na nilijifunza kwa ajili ya mama.

Mama amezaliwa Soni, katika milima ya Usambara. Safari ya basi ya kutwa nzima magoti yake hayaitaki tena. Nikaona basi nimpeleke kwa njia nyingine. Mara ya kwanza nilitumia waya, ule mrefu wa mita 5. Mama akasimama katikati ya sebule, akaiona dunia inazunguka chini ya miguu yake, akageuka kulitafuta bonde la Mombo, akageuka tena, na tena. Waya ukamzunguka kanga mara mbili. Alipotaka kupiga hatua kuelekea Soni, ukamrudisha nyuma. Akavua miwani, akanitazama. "Mwanangu," akasema, "unanipeleka kwetu umenifunga kamba kama mbuzi wa sikukuu?"

Usiku ule nikaukunja waya, nikaanza kusoma.

Anza na hesabu, kwa sababu ndiyo itakayokuzuia kununua vitu usivyovihitaji. Kila jicho la Quest 3 linatazama kioo chenye nukta 2064 kwa 2208. Chukua macho mawili, kila nukta uipe biti 24, uonyeshe picha 90 kwa sekunde. Ukizidisha utapata karibu gigabiti 20 kila sekunde. Hakuna Wi-Fi ya sebuleni inayoubeba mzigo huo. Kwa hiyo kompyuta huishindilia kila picha kama nguo zinavyoshindiliwa kwenye belo la mitumba, mpaka gigabiti 20 zinabaki megabiti 100 au 200. Belo linarushwa hewani, miwani inalipokea, inalikata kamba na kuzitandaza nguo mbele ya macho yako. Kisha belo jingine. Kwa picha 90 kwa sekunde, kila belo lina milisekunde 11 tu kabla ya linalofuata kugonga mlango.

Hapo ndipo VR inapotofautiana na filamu. Filamu ya mtandaoni hupakua sekunde nyingi mbele na kuziweka akiba. Mtandao ukikohoa kidogo, wewe huna habari, unakula akiba. Miwani haina akiba, kwa sababu haijui utageuzia kichwa wapi. Picha ya kushoto haiwezi kuchorwa kabla hujaangalia kushoto. Ndiyo maana mtu mwenye Wi-Fi inayocheza filamu bila kukwama hata mara moja anaweza kuvaa miwani kwenye Wi-Fi hiyohiyo na kichefuchefu kikampata kabla chai haijapoa. Wastani wake ni mzuri. Kinachomwangusha ni vile vipande vya sekunde ambavyo belo halikufika.

Sasa swali ambalo huulizwa kabla ya yote: itakula bando kiasi gani? Jibu ni kwamba haili hata kidogo. Belo linatoka kwenye kompyuta yako, linaingia kwenye ruta yako, linafika kwenye miwani yako. Halitoki nje ya nyumba. Unaweza kuwa na intaneti ya kobe, au bando limekwisha tangu juzi, na kiungo hiki bado kikaenda kasi, ingawa baadhi ya programu hupenda kuuona mtandao wakati wa kufungua akaunti. Google Earth ni jambo la pembeni: hiyo inateremsha milima na mabonde kutoka mtandaoni kadiri unavyosafiri, kwa hiyo bando italila. Lakini usipandishe kifurushi cha nyumbani kwa matumaini kwamba miwani itaacha kukwama. Nimewaona watu wakifanya hivyo, na inaniuma, kwa sababu robo ya fedha ile ingenunua kitu ambacho kingewafaa kweli.

Kitu chenyewe ni waya.

Ndiyo, kiungo kizuri kisicho na waya huanza na waya. Kompyuta iunganishe na ruta kwa kebo ya mtandao. Sababu iko katika tabia ya Wi-Fi ambayo ukiielewa, mengine yote yanajipanga yenyewe: hewa ni kikao, na katika kikao hicho anazungumza mmoja tu kwa wakati mmoja. Kila kifaa husikiliza kwanza. Kikisikia mwingine anaongea kwenye chaneli ileile, kinanyamaza na kusubiri zamu. Kompyuta ikiwa kwenye Wi-Fi na miwani ikiwa kwenye Wi-Fi hiyohiyo, kila belo hurushwa mara mbili: kutoka kompyuta kwenda ruta, kisha kutoka ruta kwenda miwani. Umetumia zamu mbili kufikisha maneno yaleyale. Ukiiweka kompyuta kwenye waya, umempumzisha mjumbe mmoja, na nusu ya muda wa kikao umekurudia.

Wajumbe wengine ni wengi kuliko unavyodhani. Simu ya kaka inayopandisha picha za harusi. Kamera ya getini. Televisheni inayojisasisha. Na ruta ya jirani, kama mko chaneli moja, nayo ni mjumbe wa kikao chako ingawa haijaalikwa. Lakini anayeumiza kuliko wote ni ile simu ya zamani iliyo chumba cha mwisho, mbali na ruta. Ishara ikiwa dhaifu, kifaa hupunguza mwendo wa kuongea ili kisikike. Maneno machache yaleyale yanachukua muda mrefu mara nyingi zaidi, na muda wote huo miwani yako yenye haraka imekaa kimya inangoja belo. Kwa hiyo unaweza kuwa na ruta ya bei kubwa na ukakwamishwa na simu ndogo inayosoma ujumbe wa salamu.

Basi waya. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye mitego. Kebo ya daraja la Cat5e inatosha, na hubeba gigabiti 1 kwa umbali wa hadi mita 100, yaani mbali kuliko sebule yoyote utakayoalikwa. Ndani yake mna nyaya nane. Gigabiti 1 inazitaka zote nane. Mwendo wa zamani wa megabiti 100 ulitumia nne tu. Na hapa ndipo mtego ulipo: waya mmoja kati ya nane ukikatika, au kichwa kikibanwa vibaya, kebo haifi. Taa inawaka, intaneti inafunguka, kila mtu ana furaha, lakini kasi imeteremka kimyakimya mpaka megabiti 100. Kisha wewe unaiambia programu irushe megabiti 150 kila sekunde kupitia bomba la 100, na unailaumu miwani. Mimi nilipoteza wiki mbili kwa kebo ya aina hiyo. Mama alikuwa anapiga simu kila Jumapili kuuliza kama barabara ya Soni imefunguliwa.

Kwa hiyo usiiamini taa. Fungua mipangilio ya mtandao kwenye Windows, tazama kasi ya kiungo cha waya, na usiridhike na kitu chochote chini ya 1000/1000. Ukiona 100/100, badilisha kebo kwanza. Ukibadilisha na namba isibadilike, kosa ni tundu. Ruta nyingi za bei nafuu, zikiwemo nyingi zinazokuja pamoja na huduma ya intaneti, zina matundu ya megabiti 100 peke yake, na hakuna kebo duniani itakayozigeuza.

Ukifika hapo, nunua ruta ya pili. Nasema hivi nikijua hali za mifuko yetu. Ruta ya pili iliyotengwa kwa ajili ya miwani peke yake ndiyo ununuzi wenye faida kuliko wote katika safari hii, kuliko kadi mpya ya picha, kuliko kifurushi kikubwa. Dukani utaonyeshwa yenye antena sita zilizosimama kama buibui aliyelala chali. Usihesabu antena. Miwani yako inapokea mikondo miwili tu, hata ukiisimamishia mnara. Geuza boksi, usome pembeni. Unatafuta Wi-Fi 6 na matundu ya gigabiti. Utakutana na majina kama AX1500, AX1800 na AX3000, na hizo namba ni jumla ya kasi za masafa yote yaliyomo, zimejumlishwa ili zionekane nene. AX1500 na AX1800 zote mbili huwa na 1201 ileile upande wa gigahezi 5. Tofauti yake iko upande wa gigahezi 2.4, ambao hutautumia. Lipia AX1500, na chenji umnunulie mama matunda.

Namna ya kuzipanga ni hivi. Ruta ya zamani ibaki ilipo na iendelee kuhudumia familia. Toa kebo kwenye mojawapo ya matundu yake, iingize kwenye tundu la intaneti la ruta mpya. Kompyuta ichomeke kwenye tundu la kawaida la ruta mpya. Miwani iunganishe na Wi-Fi ya ruta mpya. Nywila ya ruta hiyo usimpe mtu yeyote. Najua ilivyo vigumu. Mgeni amekaa, amekunywa soda, anauliza nywila ya Wi-Fi. Mila inakutaka umpe. Mpe ile ya ruta ya zamani, kwa moyo mkunjufu, na umwandikie kwenye karatasi ili asije kukosea. Kikao cha miwani ni cha faragha.

Ndani ya mipangilio ya ruta mpya una kazi chache. Zima kabisa gigahezi 2.4: kule kuna chaneli 3 tu zisizogongana, yaani 1, 6 na 11, na mtaa mzima umejazana humo pamoja na Bluetooth na maikrowevu. Kwenye gigahezi 5, usiiache ruta ijichagulie chaneli, maana siku moja itahama katikati ya mchezo. Pakua kwenye simu programu yoyote ya bure inayoonyesha mitandao ya jirani, angalia nani yuko wapi, kisha uiweke yako palipo na utulivu. Ukaanze na 36 hadi 48. Upana wa chaneli weka megahezi 80. Ukishawishika na 160, kumbuka kwamba kwenye gigahezi 5 upana huo unavuka na kuingia katika chaneli zinazotumiwa na rada. Katika nchi nyingi kanuni huitaka ruta iisikilize rada kwanza na iondoke mara moja ikiisikia, na hapo picha yako inaondoka nayo.

Miwani ikishaungana, fungua maelezo ya Wi-Fi ndani yake. Ukiona karibu megabiti 1200, umefika. Ukiona 866, umeungana kwa Wi-Fi 5, nayo inafaa pia kwa kazi hii chumba kikiwa kitulivu, kwa hiyo mwenye ruta ya zamani iliyo nzuri asikate tamaa. Kasi halisi inayopita ni ndogo kuliko namba hiyo, nusu yake au zaidi kidogo, na hata hivyo ni kubwa kuliko tunayohitaji. Ile ziada ndiyo inayokupa utulivu.

Kuna pia gigahezi 6, uwanja mpana ambao Marekani iliufungulia Wi-Fi mwaka 2020. Quest Pro, Quest 3 na Quest 3S zinaweza kuutumia, na humo majirani bado ni wachache. Kanuni zake hutofautiana nchi hadi nchi, hivyo angalia mamlaka ya mawasiliano ya kwako imeruhusu nini kabla hujatoa fedha. Ukiipata, fahamu kwamba inaogopa kuta hata kuliko gigahezi 5.

Kuta zetu nazo ni za kuogopwa. Tofali la saruji, nguzo zenye nondo, dirisha lenye vyuma: kila kimoja kinachukua chake. Mwenye nyumba ya mawe ya matumbawe kule Unguja au Lamu, ambako ukuta mmoja unaweza kufika nusu mita, asijaribu kurusha mawimbi haya kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Apitishe kebo mlangoni, aiweke ruta chumba kilekile cha kuchezea. Hata kwenye nyumba ya kawaida nashauri hivyo hivyo. Iweke juu kidogo ya kiuno au usawa wa kifua, mahali ambapo ukisimama na miwani usoni unaiona, mita 2 au 3 kutoka ulipo. Mwili wako mwenyewe ni mfuko wa maji, na maji hunywa mawimbi. Ukiigeuzia ruta kisogo wakati imefichwa chini ya meza, umeuweka mfuko huo katikati ya ruta na miwani. Na vile vifaa vya kurefusha Wi-Fi vinavyochomekwa ukutani viache vihudumie uani. Vingi vyao husikia na kurudia maneno kwenye chaneli ileile, na sasa unajua kikao hicho kinaishaje.

Baada ya hayo, programu. Air Link inatoka kwa Meta, watengenezaji wa Quest. Steam Link ni ya bure, na ilifika kwenye Quest mwishoni mwa mwaka 2023. ALVR nayo ni ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Virtual Desktop unailipia, na mimi ndiyo ninayoitumia. Inafaa ujue ilivyofika hapa. Iliandikwa na Guy Godin, mtu wa Kanada, na mwaka 2019 aliiongezea uwezo wa kurusha michezo ya kompyuta kwenye Quest bila waya. Kampuni yenye miwani ikamtaka aondoe uwezo huo katika toleo la dukani. Akauondoa. Watu wakaendelea kuupata kwa mlango wa uani, kupitia SideQuest, duka lililo nje ya lile rasmi, na kwa zaidi ya mwaka mmoja maelfu ya vyumba viliishi kwa kiraka hicho. Februari 2021 ukaruhusiwa rasmi, na Aprili mwaka huohuo kampuni ikatoa Air Link yake. Kila nikiwasha kiungo hiki namkumbuka yule mtu. Alikuwa sahihi, akangoja.

Kwenye kompyuta, hakikisha Windows imeutambua mtandao wako kama mtandao binafsi, la sivyo ukuta wake wa ulinzi utaifungia programu mlango na miwani itakuambia kompyuta haipo wakati unaiona kwa macho. Kompyuta ya mkononi iwe kwenye chaji, na programu ielekezwe kwenye kadi ya picha yenye nguvu, siyo ile ndogo ya kuokoa betri.

Kisha uchague namna ya kufunga belo. H.264 ni ya zamani, inafunga na kufungua haraka, lakini inataka megabiti nyingi ili picha ipendeze. HEVC inashindilia vizuri zaidi. AV1 inashindilia vizuri kuliko zote, lakini inahitaji Quest 3 au 3S upande mmoja, na upande wa pili kadi kama RTX za mfululizo wa 40, Radeon za mfululizo wa 7000 au Intel Arc. Anza na HEVC kwa megabiti 100. Cheza siku nzima. Kesho panda hadi 120, keshokutwa 150. Usikimbilie kilele siku ya kwanza: belo kubwa huchukua muda mrefu kulifungua, na kila megabiti unayoiongeza kwa ajili ya uzuri unaweza kuilipia kwa ucheleweshaji.

Virtual Desktop ina kijedwali kinachoelea mbele ya macho kikionyesha muda unaotumika katika kila kituo. Kituo cha kwanza ni mchezo wenyewe, yaani muda wa kompyuta kuchora picha. Cha pili ni kufunga. Cha tatu ni mtandao. Cha nne ni kufungua, ndani ya miwani. Jifunze kukisoma kama unavyosoma mita ya LUKU. Namba ya mchezo ikipanda, punguza uzuri wa picha ndani ya mchezo, na uiache ruta ipumzike, haina kosa. Namba ya kufungua ikipanda, umeweka megabiti nyingi. Namba ya mtandao ikikaa chini ya milisekunde 10 na haichezi, kikao chako kimetulia. Ikirukaruka, 6, 7, 40, 6, 55, kuna mjumbe anayedakia. Nenda ukamtafute nyumbani. Mimi siku moja nilimkuta ni kompyuta yangu mwenyewe: kebo ilikuwa imechomoka nusu, ikawa imehamia Wi-Fi bila kuaga.

Jumla ya vituo vyote kwa kiungo kizuri huwa milisekunde 40 au 50 hivi, na unaweza kushangaa mwili unavyovumilia. Ni kwa sababu miwani ina ujanja wake. Dakika ya mwisho kabla ya kuionyesha picha, huangalia kichwa chako kimegeuka kiasi gani tangu ilipochorwa, na huisogeza picha kiasi hicho hicho. Ndiyo maana belo likichelewa sana na wewe ukageuka kwa ghafla, unaona ukanda mweusi pembeni mwa macho: picha imesogezwa mpaka imeishiwa. Ukanda huo ukiuona mara kwa mara, rudi kwenye kijedwali, namba itakuonyesha.

Mambo mawili ya mwisho, na haya yashike hata kama mengine umeyaruka. Umeme ukikatika katikati, kompyuta na ruta vinazima ila miwani inabaki hai kwa betri yake, na aliyevaa anaachwa ghafla katikati ya sebule asiyoiona. Kaa naye karibu. Mwenye uwezo aweke UPS, yaani betri ya akiba, kwa ruta na kompyuta, dakika tano zinatosha kumrudisha mtu nyumbani kwa heshima. Na usiiache miwani dirishani. Lenzi zake hukusanya mwanga wa jua kama kioo cha kukuzia, na jua letu la saa nne asubuhi huchoma kioo cha ndani kwa muda mfupi mno, nalo doa lake halifutiki. Ukimaliza, igeuze uso chini au uifunike. Kile kitambaa cha kufuma ulichokivua kwenye ruta kimepata kazi mpya.

Mama alirudi Jumapili moja baada ya chakula. Nilikuwa nimesogeza meza, nimeacha mita 2 kwa 2 zilizo wazi, ruta iko juu ya kabati la vitabu inamtazama. Kijedwali kilisema 7, 7, 6, 7. Nikamvika miwani juu ya kilemba, nikakaza mkanda taratibu, nikamshusha kwanza Mombo chini kabisa, kwenye barabara kuu, ili apande mwenyewe.

Akapanda zile kona. Mlima ulipogeuka naye akageuka, mzima mzima, miguu na kanga na vyote, na hakuna kilichomvuta. Mkono wa kulia ukaenda mbele kama mtu anayeshika nguzo ya basi. Alipofika Soni akanyamaza muda mrefu. Mapaa kule yanaonekana kama madoa tu, bati jipya jeupe, bati kuukuu jekundu, na migomba haionekani kuwa ni migomba. Lakini mteremko ni ule ule. Akachuchumaa, magoti yaleyale, akagusa zulia langu kwa viganja viwili.

"Hapa tulikuwa tunateremkia mtoni," akasema. "Nisogeze kushoto kidogo, mwanangu. Nyumba ya bibi yako iko nyuma ya hicho kilima."